Kalsiamu Ikishuka, Neva Hailali

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, jana jioni kule Nyegezi niliwasikia watatu kwa zamu mkisema kwamba kalsiamu ya damu ikipungua, neva nayo husinzia. Nilitaka kucheka, lakini kosa hilo ni langu tangu zamani. Ninyi mmelirithi tu. Shikeni kwanza mambo matatu ya neva, kisha tufike kwenye kalsiamu.

1. Seli ya neva ichoreni kwa mkono, na pale aksoni, ule mkia mrefu unaopeleka ujumbe, inapoanzia jazeni milango ya sodiamu, yaani vitundu vya utando vinavyoingiza sodiamu, kwa kuwa msukumo wa umeme huanzia hapo.

2. Milivolti hasi 70, volti ya neva iliyotulia, msizikariri kama namba ya simu: utando wa seli uliotulia hupitisha zaidi potasiamu, ambayo huivuta volti kuelekea hasi 90, na sodiamu kidogo inayovuja ndiyo huizuia isifike.

3. Mayelini, ala ya mafuta inayoizunguka aksoni, huziba uvujaji wa umeme, na anayemwagilia mchicha ufukweni kwa mpira uliotoboka anajua kwa nini maji hayafiki mwisho wa tuta. Ngisi hana mayelini, akajaliwa aksoni nene ya karibu nusu milimita, ile waliyoipima wanasayansi Hodgkin na Huxley.

4. Sasa kalsiamu. Nikiwa mwaka wa tatu, niliambiwa nimpime presha mama aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa goita siku mbili kabla. Mapigo yalinipotea mara mbili, mkanda ukakaa umejaa upepo kwa muda mrefu, na mkono wake ukaanza kujikunja: kifundo cha mkono kikapinda, kidole gumba kikaingia kiganjani, vidole vingine vikanyooka vikiwa vimebanana. Nikamwambia, kwa sauti ya daktari bingwa, alegeze mkono asiogope. Akanijibu, "Mwanangu, siukunji mimi, unajikunja wenyewe." Bingwa mwenyewe akaniuliza kalsiamu itakuwaje, nami nikajibu bila haya kwamba iko juu, kwa kuwa kalsiamu ndiyo inayoachilia kemikali kwenye sinapsi, pale neva inapopokeza ujumbe. Wodi nzima ilinyamaza.

Sinapsi niliikumbuka, utando nikausahau. Kalsiamu iliyo nje hushikamana na chaji hasi za uso wa utando na kuifanya milango ya sodiamu iwe mizito kufunguka. Ikipungua, kama inavyotokea tezi ndogo za nyuma ya goita zikijeruhiwa, milango hufunguka kwa kichocheo kidogo mno, na neva hujifyatua yenyewe.

Alipewa kalsiamu taratibu kwa mshipa, mkono ukakunjuka. Kesho yake niliporudi na mashine ya presha, aliunyoosha mwenyewe akasema, "Leo hesabu upesi."