Mkuu usisubiri Desemba na hilo jino

Aisee mkuu, acha hiyo mipango. Umesema gego la chini limetunga usaha, shavu limevimba, huna bima ya meno hapo Columbus, Marekani, jamaa kakuuzia rangi mbili (zile kapsuli za antibayotiki) za kutoka nyumbani, sasa maumivu yamekata na unavuta siku mpaka Desemba ukaling'olee Dar kwa bei nafuu. Hapo kwenye "yamekata" ndipo niliposhtuka.

Maumivu kukata sio kupona!! Mara nyingi mshipa wa ndani ya jino umeshakufa ndio maana husikii kitu, ila usaha uko palepale kwenye mzizi unatafuta pa kutokea. Antibayotiki inautuliza kwa muda tu, chanzo hakiondoki mpaka daktari aling'oe au asafishe mzizi. Mimi nilimeza hizohizo, uvimbe ukanywea, nikarudi zangu kazini, halafu ukaja tena umeshuka chini ya taya, mgumu kama ubao, mdomo haupitishi hata kijiko cha chai, mate nayatemea kwenye kikombe kwa sababu hayamezeki. Nikalazwa, nikapasuliwa chini ya kidevu usaha utoke, na bili iliyokuja ingeng'oa meno ya ukoo mzima. Na yule muuza dawa aliyekuwa akitangaza kwenye grupu eti dawa za huku zimechujwa, za nyumbani ndio kiboko, hakuja hata kunijulia hali. Hawa watu wanauza kapsuli kwenye mfuko wa nailoni kwa mtu ambaye hawajamchungulia hata mdomo, inaniuma sana.

Jino lenye usaha linatibiwa hukohuko uliko, basi. Emajensi usitegemee wakung'olee, wengi wanakupa dawa na kukwambia katafute daktari wa meno. Tafuta vituo vya afya vya jamii vinavyopewa ruzuku na serikali kuu, ingia findahealthcenter.hrsa.gov uweke zipu kodi yako (namba ya posta ya unapokaa). Hawaruhusiwi kukukatalia kwa sababu huna hela, bei wanapanga kwa kipato na idadi ya watu nyumbani, ukiwa chini ya mstari wa umaskini unalipa kidogo sana au hulipi kabisa. Sio vyote vina huduma ya meno kwa hiyo piga simu kwanza, sema unataka "sliding fee", yaani hiyo bei ya kipato, nenda na karatasi za mshahara, na uombe mkalimani wa Kiswahili, ni bure, usimtoe mtoto shule akutafsirie. Chuo kikuu cha Ohio State hapo Columbus nao wana chuo cha meno, wanafunzi wanatibu wakisimamiwa na bei kawaida iko chini ya kliniki binafsi.

 Ila ukiona homa, uvimbe unashuka shingoni, kumeza shida au pumzi inabana, hapo hata simu ya kituo usipige, piga 911, namba ya dharura.