Kabla hujachagua kaliba ya bunduki ya pili, fungua kwanza daftari lako

Bunduki yangu ya kwanza ya shabaha ni .308 Winchester, nimekaa nayo miaka sita na naipenda mpaka leo, kwa hiyo nilivyopata nafasi ya kutengenezesha nyingine akili yote ilikuwa kwenye kaliba (yaani aina ya risasi na ukubwa wa mtutu) ya 6.5 Creedmoor. Nilishajua nataka mtutu wa urefu gani, kitako kipi, mpaka rangi nishachagua. Kilichonigeuza ni daftari. Kila nikienda kupiga huwa naandika tarehe, umbali, upepo, aina ya risasi na idadi, sasa usiku mmoja nikakaa nikajumlisha mwaka mzima: risasi 412, na 352 kati ya hizo nimezipigia mita 100. Mita 600 nimefika mara mbili tu, risasi 20 zote kwa pamoja.

Nilikaa kimya muda mrefu nikiangalia zile namba. Mimi nilikuwa nataka kuunda bunduki ya mita 1,000 wakati maisha yangu yote ya shabaha yako mita 100.

Sasa nisieleweke vibaya, 6.5 Creedmoor ni kaliba nzuri sana na sifa zake ni za kweli. Ilitoka 2007, ikatengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya shabaha za mbali, risasi yake ni ndefu na nyembamba inakata upepo vizuri, teke lake begani ni dogo kuliko la .308, na kichwa cha greini 140 (kichwa ni ile sehemu ya risasi inayoruka, greini ni kipimo cha uzito wake) kinavuka mita 1,000 kikiwa bado kinakwenda kasi kuliko sauti, wakati .308 yenye greini 168 kabla ya hapo inakuwa ishaanza kuyumba. Kama una uwanja wa mita 600 na kuendelea na unaenda kila mwezi, chukua hiyo, wala usisumbuke kusoma mengine. Ila ujue mtutu wake unachoka mapema, wengi wanaubadilisha kwenye risasi 2,000 hadi 3,000 hivi, wakati .308 inafika 5,000 na zaidi bado inapiga vizuri. Kwa anayepiga sana hiyo ni hesabu ya kuifanya mapema.

.223 Remington nayo niliifikiria kwa uzito. Teke karibu hakuna, risasi zinapatikana kirahisi, mtutu unadumu. Hapa watu wengi wanakosea kwenye mifereji ya mtutu. Mtutu wa 1:12, yaani risasi inazunguka mara moja kila inchi 12, unapenda vichwa vyepesi vya greini 55 kushuka chini, ukiweka cha greini 77 kinatoka kikiyumba na unaweza ukakuta tundu la pembeni kwenye karatasi kabisa, kama risasi imeingia ubavu. Ukitaka vichwa vizito chukua 1:8 au 1:7. Na jambo la usalama hapo hapo: risasi ya 5.56 (ndugu yake ya kijeshi) usiiweke kwenye chemba ya .223, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa macho zinafanana lakini presha inaweza kupanda kupita kiasi. Magnum, zile kaliba zenye baruti nyingi na teke kubwa, sizisemei sana, .300 Win Mag ni ya kazi yake, ila ukipiga risasi 30 mfululizo bega linaanza kukufundisha tabia mbaya ya kushtuka kabla hujavuta triga na kuitoa hiyo tabia ni kazi ya miezi.

Nikaishia kwenye .22 LR. Ndiyo, ile ile ndogo ambayo ipo tangu 1887.

Watu wanaidharau wakidhani ni ya watoto na makopo, lakini sikiliza. Ukiweka ziro mita 50 (yaani umeseti ipige pale pale unapolenga kwa umbali huo) halafu ukapiga mita 100, risasi inashuka karibu sentimita 18 hadi 20. Mita 200 imeshuka zaidi ya mita nzima. Na upepo wa kilomita 16 kwa saa kutoka ubavuni unaisukuma karibu sentimita 10 kwenye mita 100, wakati 6.5 Creedmoor kwa umbali huo huo na upepo huo huo haisogei hata sentimita 2. Maana yake ni kwamba ule uwanja wangu mfupi niliokuwa nauona hauna changamoto, ghafla umekuwa uwanja mrefu, kila risasi inanilazimisha nisome majani, nisome bendera, nigeuze skopu (darubini ya kulengea), na makosa yote ya kuvuta triga yanaonekana kwenye karatasi maana risasi inakaa ndani ya mtutu muda mrefu zaidi. Tangu nianze nayo hata .308 yangu napiga vizuri zaidi kuliko zamani.

Kwenye kuiseti ndo kuna utamu. Nilimwambia fundi (fundi wa silaha mwenye leseni, na kibali changu kilikuwa tayari kabla hatujagusa kitu, hilo usiliruke hata siku moja) nataka ifanane na .308 kwa kila kitu ninachogusa: kitako cha umbo lile lile, urefu ule ule mpaka begani, triga uzito ule ule, miguu ya mbele ile ile. Mtutu nikachukua wa inchi 18, mzito, kwa sababu baruti ya .22 ni kidogo na inamaliza kuungua mapema, mtutu mrefu zaidi ya hapo unaongeza uzito tu kasi haipandi. Mtutu ukifungwa, fundi apime nafasi kati ya bolti na kitako cha ganda kwa vipimo vyake, siyo kwa jicho, na hii ni kwa kaliba yoyote ile.

Skopu ndo usiibanie. Hakikisha vistari vya ndani na vifundo vya kugeuza vinaongea lugha moja, mil kwa mil au MOA kwa MOA (vyote ni vipimo vya pembe), mimi natumia mil kwa sababu kubofya mara moja ni sentimita 1 kwenye mita 100 na hesabu inakaa kichwani. Halafu kwa .22 angalia skopu inaweza kurekebishwa parallax (ile hali ya kialama cha kulengea kuhama ukisogeza jicho) mpaka mita 25 au chini ya hapo, skopu nyingi za bunduki kubwa zinaanzia mita 50, kwa hiyo kwenye umbali mfupi ukisogeza jicho kidogo na kile kialama nacho kinasogea juu ya shabaha, unaanza kulaumu risasi bure.

Na kuhusu kulaumu bure, wiki tatu za kwanza matundu yangu yalikuwa yanatawanyika, leo yako pamoja kesho sentimita 6 mbali. Nikabadilisha risasi aina nne. Siku ya mwisho nikashika skopu kwa mkono nikaisukuma kidogo tu, nikasikia kitu kinacheza, skrubu moja ya kile kipande cha chini kinachoshikilia skopu ilikuwa imelegea. Nilifungua zote, nikasafisha mafuta, nikafunga upya kwa spana ya kupimia nguvu kama ilivyoandikwa na mtengenezaji, kisha nikachora kistari cha rangi juu ya kila skrubu ili ikigeuka hata kidogo nione. Baada ya hapo ndo nikajaribu tena zile aina nne, kumi kumi kila moja, na mtutu wenyewe ukachagua: moja ikaweka matundu yote kumi ndani ya sentimita 1.5 kwenye mita 50, nikaenda kununua boksi za kutosha za namba ile ile ya toleo maana toleo likibadilika na yenyewe inabadilika.

Daftari la mwaka huu mpaka sasa lina risasi 2,300 na mwaka haujaisha. Creedmoor sijaifuta akilini, ila nimeweka sharti: nikifika mita 600 mara kumi ndani ya mwaka mmoja nikiwa na .308, ndo naongea na fundi.