Deni la Bodi na miaka ya katikati: kwa wadogo zangu wa Ustawi wa Jamii

Kila msimu wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, tunapokea wanafunzi ofisini kwetu halmashauri, na kila msimu nawauliza swali lilelile: deni lako la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu limefika ngapi? Hawajui. Siku ya kusaini bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, wanaijua, kiasi wanakijua, hata nani jina lake halikutoka wanamjua. Deni? "Hilo litakatwa nikiajiriwa." Jibu hilo ndilo limenikalisha niandike, maana hata kizazi chetu kililitoa hivyohivyo.

1. Pigeni hesabu ya fedha inayofika mkononi. Tuseme mshahara wa msingi serikalini ni 800,000. PSSSF, mfuko wa pensheni, 5% ni 40,000. Bima ya afya 3% ni 24,000. PAYE, kodi ya mshahara, ni 68,000. Bodi 15%, yaani 120,000. Unabaki na 548,000, na chama cha wafanyakazi bado hakijachukua chake. Kwa makato hayo, deni la milioni 12 ni miezi 100. Mshahara ukipanda litaisha mapema zaidi, lakini anza na hesabu hii ndipo uamue kama shahada unaitaka sasa au baadaye.

2. Hesabu hiyo ni ya mwenye cheki namba, namba ya mtumishi aliyeajiriwa serikalini, na baina ya mahafali na cheki namba kuna miaka. Kada yetu haitangaziwi nafasi nyingi kama walimu na wauguzi. Wengi mtajitolea kwa nauli tu, wengine mtapata mikataba ya miradi. Hapo ndipo watu wanapoharibu, na mimi niliharibu hapo.

Nilipomaliza nilipata mkataba kwenye mradi wa watoto wa mitaani. Mshahara ulikuwa mzuri, fedha ya mfadhili. Fomu ya ajira ilikuwa na kipengele: una mkopo wa elimu ya juu? Nikaweka alama kwenye hapana. Nilijua ninachofanya. Mdogo wangu alikuwa anaingia kidato cha tano, nyumbani wananitazama mimi, nikajiambia Bodi ina watu wengi wa kuwadai, mimi itanifikia baadaye. Wakati huo tozo ya kutunza thamani ya mkopo, 6% kwa mwaka, ilikuwa inatembea. Aliyechelewa kulipa alikuwa na adhabu yake juu. Na mabadiliko ya sheria ya 2016 yakapandisha makato kutoka 8% hadi 15%. Yote hayo niliyasikia redioni kama habari za watu wengine.

Mfadhili akaondoka, mradi ukafungwa. Baadaye kibali cha ajira serikalini kikatoka, nikapangiwa halmashauri. Miezi ya mwanzo slipu yangu ya mshahara ilikuwa safi, hakuna mstari wa Bodi, na afisa mikopo wa benki akanifuata mpaka mezani. Nikakopa, nikanunua kiwanja. Kisha ikaja slipu yenye mstari mpya: HESLB, ndiyo Bodi, na pembeni yake salio. Salio lile lilizidi kila kitu nilichowahi kusaini chuoni. Nikaenda kwa afisa utumishi nikiamini wamenichanganya na mtu mwingine. Akaitazama slipu, akaniuliza jambo moja tu: "Ulimaliza chuo lini, na ulianza kulipa lini?" Sikuwa na jibu. Makato ya Bodi na ya benki kwa pamoja yalinisukuma karibu na theluthi ya mshahara, mpaka ambao utumishi hauruhusu mtu ashuke chini yake. Mwezi huohuo nilikuwa na shauri la matunzo ya mtoto. Baba kaleta slipu yake kuonyesha makato yalivyommaliza, nami nikatakiwa nimwambie ajipange. Nilimwambia, lakini nilishindwa kumtazama usoni.

Mwaka 2021 serikali ilifuta tozo ile ya 6% na adhabu ya 10%. Nafurahi sana kwamba ninyi mnakopa katika utaratibu mwepesi kuliko wetu. Basi msiuchezee! Mkipata mkataba wa mradi, jitambulisheni kwa mwajiri siku ya kwanza. Kama hakati, ombeni namba ya malipo mlipe wenyewe, hata kidogo kidogo. Na mkopo wa benki usiuguse kabla mstari wa Bodi haujatokea kwenye slipu.

3. Si lazima wote muanze na shahada. Hili linawaudhi, najua. Lakini mwenye stashahada anaweza kuajiriwa kama Msaidizi Ustawi wa Jamii, akaanza kula mshahara wakati wenzake bado wanasaini bumu, kisha akasoma shahada Chuo Kikuu Huria akiwa kazini. Ninao wenzangu waliopita njia hiyo na deni hawalijui. Kama kwenu hakuna wa kulipa ada kabisa, chukua mkopo, soma, usiogope. Ninachokataa ni mtu mwenye stashahada mkononi na nafasi mbele yake kuikimbia kwa sababu jina "msaidizi" linamtia aibu.

4. Fildi ombeni mahali penye kazi: hospitali ya rufaa, mahakama ya watoto, dawati la jinsia na watoto polisi. Acheni kuomba ofisi iliyo karibu na hosteli. Anayejua kuandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii ambayo hakimu anaisoma bila kuirudisha, watu wa miradi humpigia simu hata matokeo hayajatoka, na kila mwezi wa mshahara wa mapema ni mwezi mmoja mlioupunguza kwenye ile miezi 100.