Jiliwa la zamani lililoganda: tuanze na chuma, rangi baadaye

Ndugu yangu, umeuliza iwapo jiliwa (kibanio cha meza ya fundi) la zamani la Record, chapa ya zana ya Sheffield, Uingereza, ulilonunua, ambalo skrubu yake kuu imeganda kwa kutu, lipigwe msasa na kupakwa rangi upya. Nakushauri ukague kwanza kama lina ufa, hasa kwenye taya inayosogea, kwa sababu chuma cha kusubu hakichomelewi kwa urahisi.

Skrubu usiipige nyundo. Itie mafuta ya kulegeza kutu, iache usiku kucha, kisha izungushe mbele na nyuma kidogo kidogo. Ikishatoka, njia ninayoiamini kuliko zote ni umeme: skrubu izamishwe katika ndoo ya plastiki yenye maji na magadi soda, waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12 ufungwe kwenye skrubu, na waya chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida, kamwe si kile kisichoshika kutu, kwani hicho huweza kutia sumu ya kromiamu majini. Fanya hivyo nje, maana hutoka hidrojeni, gesi inayolipuka, na uzime chaja kabla ya kugusa maji.

Mwili wenyewe usiuzamishe, kwa kuwa umeme hubambua rangi, na ile buluu ya kiwandani Sheffield, hata ikiwa imechakaa, haina mbadala machoni pa mkusanyaji. Isafishe kwa sabuni na kitambaa. Msasa mkavu uuepuke kabisa, kwani rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Mwishowe paka grisi kwenye skrubu na nati.