Pesa kidogo ya kuboresha Subaru WRX, ianzie wapi?
Usianze na kupandisha presha ya turbo, ile pampu inayosukuma hewa kwenye injini, ndugu. Kwenye Impreza WRX pesa ya kwanza iende kwa matairi mazuri, pedi za breki, plagi na oili. Turbo ikisukuma hewa zaidi bila petroli kuongezwa, petroli inalipuka vibaya ndani, injini inagonga mpaka pistoni zinapasuka. Na WRX za soko la Japani zilipangwa kwa petroli ya oktani 100 hivi, yaani inayostahimili zaidi huko kugonga. Ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Nimefungua injini mbili za hivyo gereji, zote zilipandishwa presha bila kompyuta ya injini kupangwa upya. Ila kama hujui mkanda wa taimingi, ule unaozungusha valvu zifuatane na pistoni, ulibadilishwa lini, anza na huo kabla ya chochote.