Pumzi Ikikata na Ugonjwa Haujulikani

Swali la wiki hii lilikuwa hili: mtu wa umri mkubwa anayeishiwa pumzi, na mpaka sasa hakuna aliyemwambia anaumwa nini, aishi vipi na hali hiyo?

Aanze kwa kulikataa neno atakalolisikia kila anapolalamika: uzee. Ni kweli mapafu huzeeka. Baada ya ujana, kiasi cha hewa ambacho mtu anaweza kukipuliza nje katika sekunde ya kwanza hupungua kwa takriban mililita 25 hadi 30 kila mwaka, na mbavu nazo hukakamaa. Lakini mapafu yana akiba kubwa. Upungufu huo peke yake utamfanya mtu apande mlima polepole kuliko zamani. Hautamfanya atwete akivaa viatu. Anayetweta akivaa viatu ana ugonjwa, hata kama bado haujapatikana.

Mara nyingi ugonjwa huchelewa kupatikana kwa sababu mgonjwa huuficha bila kujua. Pumzi inapungua kidogo kidogo, naye anapunguza shughuli kidogo kidogo, vikaenda sambamba. Daktari akimuuliza, "Unaishiwa pumzi?" anajibu hapana, na hasemi uongo, kwa kuwa amekwisha kuacha kila kinachomkatisha pumzi. Swali linalofichua ni jingine: ni kitu gani ulikifanya mwaka jana ambacho leo hukifanyi tena? Ajibu pia mtu anayeishi naye, maana huyo ndiye aliyeona kwamba siku hizi mzee husimama katikati ya ngazi akajifanya anatazama kitu.

Majibu hayo yaandikwe. Daftari la wiki mbili humsaidia daktari kuliko maneno "nachoka sana". Madaktari hutumia ngazi ya 0 hadi 4, na unaweza kujiweka mwenyewe: 0, unatweta kwa kazi nzito tu, 1, ukiharakisha au kupanda mwinuko, 2, kwenye tambarare unaachwa nyuma na wa rika lako au unalazimika kusimama, 3, unasimama baada ya kama mita 100, 4, hutoki nyumbani au unatweta ukivaa nguo. Andika namba ya leo na ya miezi sita iliyopita. Pima uzito kila asubuhi baada ya kwenda msalani na kabla ya kula. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, huenda ni maji yanayojaa mwilini, si shibe, na daktari ajulishwe. Hesabu ya pumzi ifanywe na mtu mwingine, dakika nzima, baada ya mgonjwa kukaa kimya dakika 10, na bila kumwambia, kwa sababu anayejua anahesabiwa hubadilisha upumuaji wake. Kawaida ya mtu mzima aliyetulia ni mara 12 hadi 20.

Oksimita ya kidoleni, inayopima asilimia ya oksijeni kwenye damu, ni kifaa kizuri kinachodanganya kwa urahisi. Kidole baridi, rangi ya kucha na kutikisika huharibu namba, na kwenye ngozi nyeusi huweza kusoma juu kuliko hali halisi. Pasha mkono joto, tulia, ngoja namba isimame, ndipo uandike. Walio wengi husoma 95 hadi 100. Ikisoma 92 au chini na hujawahi kuambiwa kwamba hiyo ndiyo kawaida yako, tafuta msaada siku hiyo hiyo.

Kisha angalia pumzi inakata lini. Ukilala chali inazidi na sasa unahitaji mito mitatu, au unashtuka saa moja au mbili baada ya kusinzia ukitafuta hewa dirishani: moyo uangaliwe kwanza. Vivyo hivyo ukiinama kufunga kamba za viatu na pumzi ikakata kabla ya nusu dakika. Ikiwa kuna siku nzuri na siku mbaya, kifua kinapiga filimbi, na alfajiri ndiyo saa mbaya zaidi, fikiria pumu, ambayo inaweza kuanza hata baada ya miaka 70. Kikohozi cha makohozi cha miaka mingi kwa aliyevuta sigara au aliyepikia moshi wa kuni maisha yake yote huelekeza kwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Kikohozi kikavu kisichokwisha, na kucha zinazovimba mviringo, huweza kuwa makovu ndani ya mapafu. Weupe wa viganja na kizunguzungu ukisimama: pima damu, maana hemoglobini chini ya 12 kwa mwanamke au 13 kwa mwanamume ni upungufu wa damu, na damu pungufu humfanya mtu aheme hata mapafu yakiwa mazima.

Dawa zote ziende kwa daktari ndani ya mfuko mmoja, pamoja na matone ya macho. Matone yenye timolol, yanayotumiwa kwa presha ya macho, huingia kwenye damu na yanaweza kubana njia za hewa, lakini ni nadra mtu kuyataja akiulizwa anatumia dawa gani. Amiodarone ya mapigo ya moyo, nitrofurantoin ikitumiwa muda mrefu kuzuia maambukizi ya mkojo, na methotrexate ya viungo zinaweza kudhuru mapafu. Ticagrelor, ya kuzuia damu kuganda, huwaletea baadhi ya watu hisia ya kukosa hewa. Usiache hata moja kwa uamuzi wako. Nyingine zikikatwa ghafla huleta hatari kubwa kuliko ile unayoikimbia.

Ukiambiwa "vipimo viko sawa", uliza ni vipimo gani. Hapa ndipo watu wengi hukwama miaka. Eksirei safi ya kifua haiondoi pumu, wala njia za hewa zilizoziba, wala damu iliyoganda kwenye mapafu. Oksijeni nzuri ukiwa umekaa inaweza kushuka ukitembea, kwa hiyo omba upimwe ukitembea dakika 6. Ripoti ya ultrasaundi inayosema moyo unasukuma vizuri haijajibu kama moyo unalegea vizuri ili ujae. Moyo mgumu usiojaa ni tatizo la kawaida uzeeni, hasa kwa wanawake wenye shinikizo la damu la muda mrefu. Kuna kipimo cha damu kiitwacho NT-proBNP: kikiwa chini ya 125, kwa mtu ambaye hali yake haikuanza ghafla, moyo kushindwa kufanya kazi si jambo la kutarajiwa. Kikiwa juu bado si hukumu, kwa kuwa umri na figo pia hukipandisha.

Spirometri, yaani kipimo cha kupuliza, ndiyo inayokosekana mara nyingi, na ikifanywa ovyo ni bora isingefanywa. Meno ya bandia yasiyolegea yabaki mdomoni ili midomo ishike mrija bila kuvuja. Vuta hewa mpaka ijae kabisa, puliza kwa kishindo, endelea kusukuma angalau sekunde 6 hata unapohisi hakuna kilichobaki. Wazee wengi huacha mapema, au hukohoa katika sekunde ya kwanza, na matokeo hayo hayafai. Yanatakiwa mapulizo matatu mazuri, na mawili bora yasipishane zaidi ya mililita 150. Kisha unavuta dawa ya kufungua njia za hewa, unangoja kama dakika 15, unapuliza tena. Uwiano wa hewa ya sekunde ya kwanza kwa hewa yote uliyopuliza ukiwa chini ya 0.70 baada ya dawa huitwa kuziba, ila uwiano huo hushuka wenyewe kwa umri, hivyo mwenye miaka 80 alinganishwe na kiwango cha chini cha umri wake. Uliza uache kutumia inhela, yaani dawa ya kuvuta kwa mdomo, muda gani kabla ya kipimo.

Na jina la ugonjwa mmoja likipatikana, msiache kutafuta ikiwa tiba yake haileti nafuu. Uzeeni moyo na mapafu mara nyingi huugua pamoja.

Wakati majibu yanasubiriwa, kuna ya kufanya. Vuta hewa puani kwa hesabu ya mbili, itoe kwa midomo iliyofinywa kwa hesabu ya nne. Toa pumzi wakati wa juhudi: unapoinuka kitini, unapokanyaga ngazi. Pumzi ikikata, kaa, inamia mbele, viwiko juu ya mapaja. Feni ndogo ya mkononi, sentimita kama 15 kutoka usoni, ikipuliza mashavu na pua, hupunguza hisia ya kukosa hewa kwa watu wengi. Usilale kitandani kujihifadhi, maana msuli usiotumiwa hudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Tembea kila siku mpaka uheme kidogo huku bado unaweza kutamka sentensi. Chanjo za mafua na nimonia hazihitaji kungoja jina la ugonjwa. Mtungi wa oksijeni usinunuliwe kwa kubahatisha: unatibu oksijeni iliyoshuka, na kwa baadhi ya wenye njia za hewa zilizoziba, oksijeni nyingi kupita kiasi hupandisha kabonidayoksaidi hadi usingizi mzito wa hatari.

Pumzi iliyokata ghafla, maumivu ya kifua, mguu mmoja uliovimba, damu kwenye makohozi, midomo ya bluu, au kushindwa kumaliza sentensi ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Kwa mtu mzee sana dalili ya kwanza inaweza kuwa kuchanganyikiwa tu: anasahau yuko wapi, anasinzia mchana, hataki kula, wala halalamiki kuhusu pumzi. Aliye karibu naye ahesabu pumzi zake kwa dakika nzima, asingoje alalamike.