Vigololi na rangi: maswali yenu na majibu yangu

Wiki hii ni easofti tupu, mchezo wa kulengana kwa bunduki za kuchezea zinazorusha vigololi vidogo vya plastiki, na nusu yenu mnavilalamikia viwanja vya peintiboli, ule mchezo wa mipira ya rangi, hapa Uingereza. Mimi nilikua refa wa peintiboli kabla sijahamia easofti, nyumba zote mbili nimekula, kwa hiyo msitegemee nitambeba mtu.

*Kwa nini uwanja wa peintiboli unatutoza sisi wa easofti kiingilio kikubwa wakati hatutumii hata rangi yao? (Leicester)*

Kwa sababu hamtumii rangi yao, umeshajijibu ndugu yangu. Kiingilio cha peintiboli ni chambo tu, pesa iko kwenye rangi, ndo maana wanakataza usije na yako. Vijana wanaomsindikiza bwana harusi mtarajiwa wanamaliza boksi la 2000 hata saa ya kula haijafika wanarudi dirishani kununua jingine. Sasa wewe unakuja na kilo yako moja ya vigololi vya gramu 0.20, hivyo ni vigololi 5000, umenunua mtandaoni, unapiga kutwa nzima, chakula umefungasha kutoka nyumbani, choo chake unatumia, ukirudi unaandika kwamba jamaa ni mwizi. Kodi ya msitu na bima na mishahara ya marefa analipa kwa nini, kwa salamu zako? Kinachonikera mimi kwa wenye viwanja ni kingine, wanaona wa easofti wamekua wengi, wanatangaza Jumapili ya easofti, halafu wanaweka marefa walewale wa rangi ambao hata uzito wa kigololi hawaulizi.

*Refa alipima bunduki yangu ya easofti, speed ikatoka futi 328 kwa sekunde akanipitisha, wenzangu wakasema inauma sana. Kosa langu nini?*

Ulipimwa na kigololi cha gramu ngapi? Hujasema, na hapo ndo pana kesi yote. 328 kwa kigololi cha 0.20 ni jouli 1, jouli ndo kipimo cha nguvu ya pigo. Speed hiyohiyo kwa cha 0.40 ni jouli 2. Sheria ya 2017 inasema bunduki inayomimina mfululizo isizidi jouli 1.3, ya moja moja isizidi 2.5, ukipita hapo huna tena kichezeo, una silaha, na hilo si la refa tena ni la polisi. Refa wa peintiboli kazoea kutazama speed peke yake maana mipira yao yote ni karibu gramu 3, kwa hiyo wewe ndo umwonyeshe mfuko wako kabla hajapima. Na nyie mnaopima na vyepesi halafu mnajaza vizito mkishaingia porini, mnajijua.

*Miwani ya wavu inatosha?*

Nimeshajibu hili mpaka nimechoka. Penye rangi HAPANA, mpira unapasuka na rangi inapenya kwenye matundu mpaka jichoni. Mpira wa rangi unakuja na kama jouli 11, siyo 1. Ukikuta uwanja wenye rangi unakuruhusu uingie na wavu, geuza gari urudi nyumbani. Na maski ikijaa ukungu usiivue uwanjani, inua mkono utoke.

*Nimecheza peintiboli mara 3, nahesabiwa UKARA?*

Hapana. UKARA ni daftari la wachezaji wa easofti, ukiwemo unaweza kuuziwa bunduki inayofanana na ya kweli, na kuingia humo ni michezo 3 ya easofti, kwenye uwanja uliosajiliwa nao, isiyopungua siku 56 toka wa kwanza mpaka wa mwisho. Na usije ukanunua ile bunduki ya rangi mbili, ya kung'aa ili ijulikane ni ya kuchezea, ukaipulizia nyeusi chumbani ukisubiri siku ziishe, kuigeuza ifanane na bunduki halisi ni kosa kwa sheria ya 2006. Hukuuliza, ila nawajua.

*Vigololi vya kuoza ni lazima?*

Uwanja ukisema lazima, ni lazima. Havitaoza kesho asubuhi lakini msitu si wako.

*Watu wa peintiboli wanasema sisi wa easofti hatukubali kufa, yaani tukipigwa hatukiri tukatoka. Si matusi hayo?*

Wana haki kidogo. Rangi ni shahidi, kigololi hakiachi kitu, mchezo mzima umesimama juu ya ulimi wako, na nimewaona watu wazima na ndevu zao wamepigwa mgongoni paa! wanageuka kama wamesikia mbu. Ila wale wa rangi nao wasijifanye malaika, nilipokua refa nilikamata wangapi wamejificha nyuma ya pipa wanajifuta rangi na mkono wa shati.

*Desemba naenda Mombasa, niweke bunduki yangu ya easofti kwenye sanduku la nguo?*

Iache Uingereza! Afisa akiiona kwenye skrini ataona bunduki, basi, halafu uanze kumweleza habari za jouli saa tisa usiku na shangazi zako wako nje wanakusubiri.